Kona nyingi, magoli hakuna: bloku zinapangwaje, na zitabadilisha ushambuliaji wetu?

Kocha_Ngamiani

Wakuu, salaam. Nina timu ya kata hapa Tanga mjini, vijana wa miaka 17 hadi 22. Kwenye daftari wako 20, wanaofika mazoezini kwa uhakika ni 15 au 16. Tizi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na nusu jioni mpaka kiza. Timu nyingi tunazokutana nazo zinapaki basi, yaani wanajaa wote nyuma kulinda goli, na sisi hatuna namba kumi, kiungo mshambuliaji wa kupenyeza pasi katikati ya watu. Tunachoambulia ni kona. Kona tele, ila karibu zote zinaishia mikononi mwa kipa au kichwani kwa beki wa kwanza pale nguzo ya karibu.

Nikitazama ligi za Ulaya naona wanapanga watu wa kuziba njia, yaani bloku, ili mpiga kichwa afike peke yake. Nataka kujua zinapangwaje hatua kwa hatua kwa vijana wasio na video wala mchambuzi, na marefa wetu wa mkoa watazipitisha au watapuliza kila mara. La tatu ndilo linaloninyima raha: nikitoa dakika 25 kila tizi kwa ajili ya kona, ushambuliaji wa timu nzima utaelekea wapi? Msaidizi wangu anasema tutageuka timu ya kubutua mipira mirefu ovyo.

---

Namba6_Mkongwe

Mgosi, anza na mpigaji. Bloku ije baadaye. Mpe mpira apige kona 12 bila mabeki wala kipa, na wewe chora kwa chokaa mraba wa mita 3 kwa 3 mahali unapotaka mpira ushuke. Zikiingia chini ya 8, achana na bloku kwa wiki mbili tatu na umshughulikie yeye. Bloku ni miadi: mtu anafika mahali fulani kwa wakati fulani. Mpira usipofika, umewachosha watu sita bure na umeacha nyuma wazi.

Sasa chukulia mpigaji yupo. Ndani ya uwanja una watu 11 na huwezi kuwapeleka wote. Mgawanyo unaofaa timu ya kiwango chako ni huu: mpigaji 1, wakimbiaji 3, wa kuziba njia 2, wa kukaa mbele ya kipa 1, wa mpira wa pili, yaani ule uliookolewa, ukingoni mwa kumi na nane (boksi la penalti) 1, wa kubaki nyuma 2, na kipa wako. Hao wawili wa nyuma usiwape mtu mzito hata mmoja, hata kama ni beki wa kati. Beki wa kati mzito mpeleke mbele akapige kichwa, nyuma mbakishe beki wa pembeni mwenye mbio.

Kona moja nakueleza yote, hizo nyingine utazitoa humo. Tuseme inatoka upande wa kulia na mpigaji ni wa mguu wa kushoto, kwa hiyo mpira unakunja kuingia golini. Unatakiwa ushuke kwenye mstari wa kiboksi cha sita, kile kidogo mbele ya goli, kati ya nguzo ya karibu na katikati ya goli. Mpiga kichwa wako mkuu, tumwite A, asimame usawa wa alama ya penalti, hatua moja kuelekea upande wa nguzo ya mbali. Mziba njia, tumwite B, asimame mita 8 hivi kutoka mstari wa goli, kwenye njia ambayo A atapita. B afike pale kabla mpigaji hajainua mkono. Amesimama, miguu imepanuka kiasi cha mabega, mikono imefungwa mbele ya kifua au nyuma ya mgongo, macho kwenye mpira. Rudia hilo kwao mpaka walichoke: macho kwenye mpira. B akimtazama beki, refa naye atamtazama B.

Mpigaji anainua mkono, anaushusha. Mkono ukishuka, mkimbiaji wa kwanza, C, anachomoka kwenda nguzo ya karibu kwa kelele zote, kama vile mpira ni wake. Kazi yake ni kumvuta beki wa kwanza. Mpigaji akianza hatua zake, A anapiga hatua mbili za uongo kwenda nguzo ya mbali, mkabaji wake anafuata. Guu la kuegemea la mpigaji linapotua kando ya mpira, A anageuka na kupita bega kwa bega na B. Bega kwa bega kwelikweli, nguo ziguse. Mkabaji aliyekuwa nyuma yake anamkuta B njiani, na hapo ana mambo mawili tu: azunguke au amgonge B. Akizunguka amepoteza hatua mbili. Kona ya kiwanja chenye upana wa kawaida inachukua kama sekunde moja na nusu hewani, na hatua mbili kwenye muda huo ni nyingi mno.

D, mkimbiaji wa tatu, anakwenda nguzo ya mbali kwa mpira uliopita wote au ulioparazwa. Mziba njia wa pili anakaa karibu na beki wao bora wa vichwa. Namwacha kidogo, nitamrudia.

Makosa yatakayokusumbua:

A kuondoka mapema. Hili ni nambari wani. Anafika kabla ya mpira, anasimama, anaruka akiwa ametulia, na beki aliyekuja na mbio anamzidi kimo. Afadhali achelewe robo hatua kuliko awahi.

Nafasi kati ya A na B. Ikifika mita moja mkabaji anapita katikati kama hakuna kitu. Utaona vijana wanaogopa kugongana, hivyo anza kwa kutembea.

B kusogea. Beki akizunguka kulia, B naye anajikuta anasogea kulia. Hiyo sasa ni faulo, na refa ana haki.

B kulala baada ya kazi. Mpira ukishapita, B ageukie goli, yeye ndiye aliye karibu zaidi na mpira unaotemwa na kipa.

Kuhusu dakika 25 kila tizi: nyingi. Ukizipiga mara tatu ni dakika 75 kwa wiki, na vijana watachoka kusimama. Jumatatu usiguse kona. Jumatano dakika 20: tano za kutembea njia bila mpira, tano mpira ukirushwa kwa mkono kutoka mita 12 ili muda uwe sahihi, kumi mpigaji akipiga dhidi ya mabeki wanaosimama tu. Ijumaa dakika 15 dhidi ya mabeki wanaokaba kweli, na kila kona ichezwe mpaka mpira utoke au uvuke nusu ya uwanja. Usipige filimbi mpira ukiokolewa. Hapo ndipo timu nyingi zinapoharibu: wanafundisha kichwa, hawafundishi sekunde tano zinazofuata.

Na uwe na kona mbili tu kwa kila upande, basi. Zipe majina, usitumie vidole, vidole watu wanahesabu. "Amboni" iwe ya karibu, "Pangani" iwe ya mbali. Mechi ijayo unazigeuza.

---

Filimbi_ya_Pwani

Upande wa sheria, kwa kuwa umeuliza kama marefa watazipitisha.

Sheria ya 12 inasema kila mchezaji ana haki ya mahali aliposimama. Kuwa njiani si sawa na kuingia njiani. Aliyesimama kabla, hajasogea, hajatanua kiwiko wala nyonga, hajafanya kosa hata kama beki amemvaa. Akiingia kwenye njia ya mpinzani pasipo kumgusa wakati mpira hauko umbali wa kuchezeka, ni mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Akimgusa, ni wa moja kwa moja. Kushika jezi au kukumbatia ni adhabu ya moja kwa moja pia, na upande wa mabeki hiyo ni penalti. Waambie vijana wako wasijibu kwa kushika wakishikwa, maana refa akiona wawili wameshikana ataadhibu aliyeanza au aliyemwona.

Kuna wakati ambao makocha wengi hawauelewi: kabla kona haijapigwa, mpira haupo mchezoni. Rabsha yoyote ya wakati huo haizai faulo wala penalti. Refa anaweza kusimamisha, kuonya, kutoa kadi, kisha kona inapigwa. Mpira unaingia mchezoni ukipigwa na kusogea waziwazi. Kwa hiyo B wako akisukumwa sekunde mbili kabla, asidai penalti, atapoteza muda na umakini.

Kwa kipa: kuna imani mtaani kwamba kipa haguswi ndani ya kiboksi cha sita. Sheria za sasa hazina eneo takatifu la namna hiyo. Kinachokatazwa ni kumkabili kipa akiwa ameumiliki mpira kwa mikono, kumzuia asiuachie, na faulo za kawaida kama za mchezaji yeyote. Mtu kusimama mbele ya kipa tangu mwanzo na kutulia ni halali. Ila nawaambia ukweli, kwenye ligi za mkoa kipa akianguka filimbi inalia. Sitetei, naeleza hali. Ukiweka mtu kwa kipa, mchague mtulivu, asiye na mdomo, na asirudi kinyumenyume hata hatua moja. Kurudi kwa makalio kumsukuma kipa ndiko kunakoonekana toka katikati ya uwanja.

Tena kuotea. Anayepokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye kona hawezi kuotea. Lakini mguso wa pili ukija, kuotea kunarudi. Mtu wako aliyesimama mbele ya kipa, mpira ukiokolewa mpaka ukingoni mwa kumi na nane na namba nane akaachia shuti, anahesabiwa ameotea kama yuko mbele ya beki wa pili kutoka mwisho na anamziba kipa asione. Goli safi linakataliwa na wachezaji wanamzonga mshika kibendera aliyefanya kazi yake. Kona fupi ni vilevile: mpira ukishatoka kwa mpigaji kwenda kwa mwenzake, krosi inayofuata ina kuotea, na wa kwanza kunaswa huwa ni mpigaji mwenyewe, amebaki kule kwenye kibendera.

---

Fundi_Makorora

Mimi niko na msaidizi wako. Vijana wa miaka 17 wafundishwe kumiliki mpira, kupokea wakiwa wamegeuka, kucheza pasi ya tatu. Haya mambo ya kusimama njiani watayakuta wakifika timu kubwa. Kocha anayetegemea kona amekiri hana ushambuliaji.

---

Namba6_Mkongwe

Fundi, dakika 35 kwa wiki hazimzuii mtu kufundisha pasi. Tizi zake tatu zina zaidi ya saa nne.

---

Raskazone_Spoti

Fundi_Makorora ana hoja nusu. Ngoja niilete kwa njia nyingine, maana swali la tatu la kocha ndilo kubwa na hakuna aliyeligusa.

Wenye mchezo wa kuzibiana njia hasa ni Wamarekani na mpira wao wa Kimarekani (American football), ule wa kubeba mpira mikononi na kuvaa kofia ngumu. Kule kuna watu watano mstari wa mbele ambao kazi yao karibu yote ni kuziba; kwa kawaida hawaruhusiwi hata kupokea pasi. Na namna ya kuziba inaamua timu nzima iweje. Kocha Vince Lombardi wa timu ya Green Bay miaka ya 1960 alikuwa na mchezo mmoja ambao wale mabaunsa wawili wa ndani waliacha nafasi zao, wakakimbia pembeni, wakamtangulia mbeba mpira. Mchezo huo hauchezeki kama hao wawili ni wazito wasioweza kukimbia. Denver Broncos ya miaka ya 1990, chini ya Mike Shanahan na kocha wa mstari Alex Gibbs, ikafanya kinyume: wote watano wanapiga hatua upande mmoja, kila mtu anaziba aliyemkuta kwenye eneo lake, na mkimbiaji anatazama upenyo uko wapi, anakata mara moja na kwenda. Kwa mfumo ule walihitaji watu wepesi kuliko wa timu nyingine, na mkimbiaji asiyechezacheza. Mkimbiaji wao Terrell Davis alichukuliwa raundi ya 6 timu zilipokuwa zikichagua wachezaji wapya mwaka 1995, yaani wengi walichaguliwa kabla yake, na mwaka 1998 alikimbia yadi 2,008. Alikuwa mchezaji hodari kweli, lakini pia mfumo ulikuwa unamsubiri mtu wa aina yake.

Kule unaruhusiwa kumsukuma mtu kwa mikono. Kwetu huna ila mahali uliposimama. Lakini hesabu ya nani aje timu ni ileile. Uingereza kwenye Kombe la Dunia la 2018 walifunga magoli 12, na 9 yalitokana na mipira ya kutenga kama kona na faulo, penalti zikiwemo. Kocha wao Southgate na watu wake walichota mawazo kwenye mpira wa kikapu na huohuo wa Kimarekani: wachezaji wanne wanapanga foleni karibu na alama ya penalti, mabeki hawawezi kukaba mtu na mtu kwa sababu hawajui nani atatokea wapi, halafu wanatawanyika. Goli la kwanza la John Stones dhidi ya Panama, dakika ya 8, kona ya Trippier, alipiga kichwa karibu peke yake.

Sasa angalia kilichoambatana na hayo. Beki wa kati kama Maguire wa timu hiyo anapata thamani ya ushambuliaji. Beki wa pembeni anachaguliwa kwa sababu ya krosi yake. Hapo ndipo kocha unapotakiwa kuwa macho kwa timu yako. Ukiifanya kona kuwa silaha, mambo yafuatayo yatabadilika utake usitake.

Mawinga wako wataacha kupiga krosi za mapema kutoka mita 30. Watamfuata beki mpaka mstari wa goli, kwa sababu krosi ikizuiwa pale ni kona. Hiyo ni faida: beki wa pembeni akishavutwa mpaka mstari wa goli, katikati kunafunguka nafasi ya pasi ya kurudi nyuma, na timu iliyopaki basi inachukia pasi hiyo kuliko kitu chochote. Hasara yake ni winga mvivu. Atakuja anapiga mpira kwenye miguu ya beki makusudi hata pale ambapo angeweza kupita. Ukiona hivyo mazoezini, weka sharti: kona ihesabiwe tu kama winga ameingia ndani ya kumi na nane kwanza.

Uchaguzi wa kikosi utakuvuta kwenda kwa warefu. Usikubali zaidi ya mmoja. Timu ya kata ikiwa na wapiga vichwa watatu wa uhakika inatosha, na wawili wao ni mabeki wako wa kati ambao wangecheza tu.

Na mwendo wa mechi. Kila kona mabeki wa kati wanatembea mita 60 kwenda na kukimbia 60 kurudi. Kona 8 kwenye jua la saa kumi hapa pwani, utaiona dakika ya 75.

Kwa hiyo msaidizi wako asiogope kubutua. Timu inayobutua haipati kona nyingi, mpira unatua kwa kipa.

---

Kocha_Ngamiani

Shukrani wakuu, hasa Filimbi kwa lile la kuotea, sikuliwazia. Maswali madogo mawili. Kwanza, timu nyingine mbili tutakazokutana nazo hazikabi mtu na mtu, zinakaba eneo, watu watano kwenye mstari wa kiboksi cha sita. B wangu atamziba nani sasa? Pili, upepo. Kiwanja chetu kiko wazi na jioni unavuma kwelikweli. Kona ya upande mmoja inabebwa mpaka nguzo ya mbali, ya upande wa pili inarudi.

---

Namba6_Mkongwe

Hapo ndipo anapoingia yule mziba njia wa pili niliyemwacha.

Wanaokaba eneo hawafuati mtu, kwa hiyo njia ya A haina wa kuzibwa. Udhaifu wao ni mmoja: wamesimama wametulia, na A anakuja na mbio za mita 6 au 7. Beki aliyesimama ataruka chini ya anayekuja na mbio, isipokuwa akipata nafasi ya kurudi hatua mbili na kujipa kasi. Basi chukua hatua hizo mbili. Mtafute beki wao bora wa vichwa, mara nyingi ni wa katikati katika wale watano. Mziba wako wa kwanza asimame mbele yake, wa pili nyuma yake. Hawamgusi. Wa mbele anamfanya asiuone mpira vizuri, wa nyuma anamnyima hatua za kurudi. A anashambulia kwenye bega la nje la huyohuyo beki. Inaonekana ajabu kumfuata beki wao bora, lakini yeye ndiye amefungwa, na waliobaki wanne wamezoea kumwachia.

C naye abadilishe kazi. Dhidi ya wanaokaba eneo, kukimbilia nguzo ya karibu hakumvuti mtu. Mwambie atoke nje kabisa, aje aombe kona fupi mita 6 kutoka kwenye kibendera. Wakitoa watu wawili kumfuata, mstari wa watano umebaki wa watatu, na mpigaji arushe haraka. Wakitoa mmoja, cheza fupi, wawili kwa mmoja. Wasipotoa mtu, C anageuka na mpira kuelekea boksi. Wapinzani wako lazima wawe mita 9.15 kutoka kwenye upinde wa kona mpaka mpira upigwe, kwa hiyo C anao muda.

---

Upepo_wa_Kusi

La upepo nijibu mimi. Kusi na kaskazi havipigi kona namna moja, na kiwanja kilichojengwa vilevile kitakupa tatizo tofauti Julai na Januari. Usiandike mpango wa msimu mzima.

Wakati wa kupasha, mpigaji apige sita kila upande, na wewe usimame nyuma ya goli usitazame mguu wake, tazama mpira unashukia wapi. Bila hilo mnabahatisha.

Upepo ukitoka nyuma ya mpigaji, kona ya kukunja ndani inapitiliza. Kuna kishawishi cha kumwambia apunguze nguvu, na hapo ndipo anatoa kile kimpira cha juu cha kipa. Abaki na nguvu ileile, ashushe kimo: apige usawa wa kichwa cha mtu nguzo ya karibu, aguse katikati ya mpira badala ya chini yake. Njia ya A inahamia mbele kwa mita 2, na B ahame naye. Watu wanasahau kumhamisha B, matokeo yake anamziba mtu asiyekwenda popote.

Upepo ukimpiga usoni, mpira unaning'inia na kushuka wima. Hiyo ni zawadi ya kipa, asipokuwa na mtu mbele yake. Siku hiyo tumia mguu wa upande wa pili, mpira utoke nje kuelekea alama ya penalti, mbali na kipa, na A achelewe nusu sekunde kuliko kawaida. Guu la kuegemea likitua, ahesabu "moja", ndipo aondoke.

Masika kiwanja kikiwa na maji kwenye kiboksi cha sita, mpira wa chini unakwama. Usipange kona ya chini. Kiangazi ardhi ngumu, kona ya chini inayodunda mara moja mbele ya nguzo ya karibu inawasumbua mabeki kuliko kichwa chochote, na haihitaji mrefu.

---

Filimbi_ya_Pwani

Niongeze kitu kimoja kwa kocha, kinahusu kona zenyewe. Tangu msimu wa 2025/26 sheria inasema kipa akishika mpira kwa mikono zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Refa anaonyesha sekunde 5 za mwisho kwa mkono. Timu zinazopaki basi ndizo zinazopoteza muda hivyo. Namba tisa wako asimkimbilie kipa kumzuia asiuachie mpira, hilo ni kosa na litafuta hesabu. Amwache, arudi mita 10, kapteni atazame mkono wa refa.

---

Fundi_Makorora

Haya, tuseme nimekubali. Mpira ukiokolewa je? Hawa wawili wa nyuma na kipa, wapinzani wana straika mmoja mwenye mbio amebaki katikati. Hakuna aliyelieleza hilo vizuri, na magoli ya aina hiyo ndiyo yanaua timu za mtaani.

---

Namba6_Mkongwe

Swali zuri hilo.

Wawili wa nyuma wasisimame sambamba kwenye mstari wa kati, hilo ndilo kosa la kwanza. Mmoja amguse kabisa huyo straika, akae upande wake wa ndani, yaani kati yake na goli lenu, umbali wa mkono. Wa pili awe mita 8 hadi 10 nyuma yake, kidogo upande ambao kona inapigwa, kwa sababu mpira unaookolewa mara nyingi hutoka upande uleule ulikoingilia au moja kwa moja mbele. Wakibakiza mastraika wawili, mtoe D kwenye boksi arudi, muwe watatu. Kanuni ni mmoja zaidi yao, siku zote. Kocha anayebaki na wawili dhidi ya wawili kwa sababu anataka goli atalipata, ila si lazima liwe lake.

Kipa wako asibaki golini. Asogee mpaka nusu ya njia kati ya boksi lake na duara la katikati, aangalie mpira mrefu.

Yule wa ukingoni mwa kumi na nane ndiye mtu muhimu kuliko wote kwenye kona na ndiye anayechaguliwa ovyo. Wengi wanamweka mwenye shuti. Weka mwenye kusoma mchezo, namba sita wako, asimame mita 20 kutoka golini, katikati. Mpira wa pili ukimjia akiwa huru, apige au arudishe pembeni kwa mpigaji, akichunga lile la kuotea. Ukimjia na mtu mgongoni, au akiuona unakwenda kwa mpinzani anayegeuka, acheze faulo ndogo palepale, mbali na goli lenu, kabla jamaa hajainua kichwa. Ni kadi ya njano kama ni shambulizi la hatari, kwa hiyo afanye mara moja tu kwa mechi, na asifanye kabisa kama tayari anayo.

Mpigaji naye ana kazi. Akishapiga asisimame kutazama, akimbie ndani kwa mshazari kuelekea kona ya boksi. Mpira uliookolewa kwa ngumi unaangukia pale mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Na Ijumaa wakati wa zoezi, mpe straika wa upande wa mabeki jezi yake na umwambie lengo lake ni kuvuka mstari wa kati na mpira. Akivuka, anahesabiwa goli.